Khanga iliyofuliwa bado ni kielelezo

Miaka kadhaa iliyopita, katika kijiji kimoja cha Kasulu, mkoani Kigoma, mama mmoja tuliyekuwa tukisali naye alimkuta binti yake wa miaka 12 analia nyuma ya nyumba, jua likizama. Alipoelewa kwamba mtoto amebakwa, alifanya ambacho mama yeyote wa kwetu angekifanya usiku ule. Alichemsha maji, akamwogesha, akamvalisha nguo safi. Khanga aliyokuwa amejifunga mtoto akailoweka kwenye beseni kwa sabuni ya mche, na kabla ya kulala akaifua.

Asubuhi walikwenda kituoni, wakapewa PF3, fomu ya polisi ya kupeleka kwa daktari, wakapanda bodaboda hadi kituo cha afya, wakarudi fomu ikiwa imejazwa. Suala la nguo liliulizwa mara moja tu.

"Nguo alizovaa ziko wapi?"

"Nimeshazifua."

"Basi tena, mama. Hapo hakuna ushahidi."

Kesi ilisuasua kwa miezi, kisha ikaisha bila mtu kutiwa hatiani. Lawama zikabaki kwa mama. Ndugu walimwambia amefua haki ya mwanawe kwa mikono yake mwenyewe, naye akaamini. Mimi nilimfariji, lakini moyoni nilikubaliana nao. Ninaandika makala haya kwa sababu nimekuja kujua kwamba tulimwonea.

Mwaka 2015 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya jaribio kuhusu jambo hilihili. Walichukua nguo zenye mabaki ya shahawa, wakazihifadhi kwa miezi minane, kisha wakazifua kwa mashine, nyingine zaidi ya mara moja. Walipozipima, bado walipata wasifu kamili wa vinasaba, yaani DNA. Mbegu za kiume huganda ndani ya nyuzi za kitambaa, na sabuni huondoa doa linaloonekana kuliko inavyoondoa kilichojificha. Sisemi kwamba khanga ya Kasulu ingetoa jibu. Kufua kwa mkono kwa kusugua juu ya jiwe na kuanika kwenye jua kali si sawa na mashine ya Ulaya, na miale ya jua huvunja vinasaba. Lakini neno "hapo hakuna ushahidi" halikuwa kweli. Khanga ile ilistahili kuchukuliwa, na hakuna aliyeichukua.

Likitokea jambo zito hapa Kigoma, iwe sokoni Mwanga au kwenye baraza za Ujiji, utasikia mtu anasema, "Wapime DNA, ukweli utajulikana." Watu wanaizungumzia maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali kama wazee walivyokuwa wakizungumzia kiapo: ukishapitishwa hapo, mjadala umefungwa. Naielewa imani hiyo, na kwa sehemu kubwa sayansi yenyewe imeistahili. Ila tunaielekeza mahali pasipo na tatizo. Huku kwetu ushahidi wa vinasaba hupotea mapema mno, kati ya nyumbani, zahanati na kituo cha polisi, ndani ya siku mbili za kwanza, mikononi mwa watu wema ambao hakuna aliyewafundisha. Maabara haiwezi kupima kisichoifikia.

Kazi yenyewe ya maabara inaeleweka. Watu wawili wasio ndugu hufanana vinasaba kwa takriban asilimia 99.9. Mtaalamu hana haja ya kuvisoma vyote. Huangalia sehemu chache, ishirini hivi au zaidi kidogo, ambapo herufi za vinasaba hujirudia mfululizo, na idadi ya marudio hayo hutofautiana baina ya mtu na mtu. Kila sehemu una namba mbili, moja umerithi kwa baba na nyingine kwa mama. Namba zote zikiwekwa pamoja ndizo wasifu wako, na isipokuwa una pacha mliyetoka yai moja, kumpata mtu mwingine mwenye wasifu uleule kamili ni karibu na muhali.

Aliyefungua mlango huo ni Alec Jeffreys, wa Chuo Kikuu cha Leicester, Septemba 1984. Kesi ya kwanza ya mauaji kutumia ugunduzi wake ingefaa ifundishwe katika kila chuo cha polisi. Wasichana wawili wa miaka 15 walibakwa na kuuawa karibu na Leicester, mmoja mwaka 1983 na mwingine 1986. Polisi walimkamata kijana wa miaka 17, naye akakiri kumuua wa pili. Jeffreys alilinganisha sampuli, akakuta aliyewatendea wote wawili ni mtu mmoja, na mtu huyo si kijana aliyekiri. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya vinasaba katika kesi ya mauaji ilikuwa kumtoa mahabusu mtu asiye na hatia aliyekwisha kukiri.

Baadaye polisi waliwaomba wanaume wa vijiji vile watoe sampuli, na karibu 5,000 walitoa. Muuaji, Colin Pitchfork, alimshawishi mfanyakazi mwenzake aende kutoa damu kwa jina lake. Maabara ilipima damu ile sawasawa, ikasema huyu siye. Alinaswa mwaka 1987 kwa sababu tu yule mwenzake aliropoka baa na mtu akasikia. Mtambo haukukosea hata kidogo. Kosa lilifanyika mezani, pale mtu alipotoa mkono na hakuna aliyehakikisha kuwa mkono ule ni wa nani.

Nikiwaeleza watu kwa nini ushahidi usifungwe kwenye nailoni, huwapeleka mwaloni Kibirizi. Mvuvi yeyote pale anajua kwamba dagaa wabichi ukiwafunga kwenye mfuko wa nailoni leo, kesho hutavumilia kuufungua. Ukiwaanika mpaka wakakauka, utawasafirisha hadi Dar es Salaam, hata Lubumbashi, na watafika wazima. Vinasaba vina tabia hiyohiyo. Kinachoviua ni unyevu na joto, kwa sababu humo ndimo bakteria na ukungu hustawi, nao huvitafuna. Nguo yenye damu mbichi ikifungwa kwenye nailoni na kukaa siku nne kwenye stoo ya bati, kule maabara watafungulia uozo. Nguo ileile ikianikwa kivulini, mahali pasipo na vumbi wala mikono ya watu, kisha kila kipande kikafungwa peke yake kwenye bahasha ya kaki, itasubiri miaka. Karatasi inapumua, nailoni haipumui. Huo ndio ujuzi wenyewe, na mama muuza dagaa tayari anao, ila hakuna aliyemwambia kwamba unahusu haki pia.

Halafu kuna muda. Kwa mwanamke mtu mzima, miongozo mingi huweka saa 72 za kuchukua sampuli mwilini, na mbinu za sasa huweza kusogea hadi siku ya tano. Kwa mtoto ambaye hajabalehe hali ni ngumu zaidi: mwilini ushahidi huwa umetoweka ndani ya saa 24 hivi, na mwingi wa unaopatikana baada ya hapo hutoka kwenye nguo na matandiko. Turudi Kasulu na jambo hilo akilini. Mtoto wa miaka 12 aliyekwisha kuogeshwa alifikishwa kituo cha afya mchana wa siku ya pili. Kitu chenye maana kuliko vyote kilikuwa khanga na shuka. Na hivyo ndivyo vitu viwili ambavyo hakuna aliyevifuata.

Simlaumu askari yule wala muuguzi. Anayefika kwenye zahanati ya ndani huko Kakonko au Uvinza atamkuta muuguzi mmoja na foleni ya kliniki ya watoto. Amejifunza kutibu. Anajua kwamba manusura apewe dawa za kuzuia maambukizi ya VVU kabla saa 72 hazijapita, na hilo analifanya kwa bidii. Lakini nani amemweleza kwamba gozi aliyoitoa kwenye kifurushi cha hospitali, ingawa imechemshwa ikawa haina kijidudu hata kimoja, inaweza kuwa na vinasaba vya mtu?

Wajerumani walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Mwaka 2007 askari wa kike aliuawa mjini Heilbronn, na vinasaba vilivyokutwa pale vilikuwa vya mwanamke ambaye tayari alikuwa ameonekana katika matukio mengi, ya wizi hata ya mauaji, Ujerumani, Austria na Ufaransa. Polisi walimsaka kwa miaka. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mwanamke huyo hakuwepo. Vinasaba vilikuwa vya mfanyakazi wa kiwanda kilichotengeneza vijiti vya pamba walivyotumia kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa safi kwa maana ya kitabibu, lakini havikuwa safi kwa maana ya vinasaba. Sisi wa mikoa ya pamba tuna haja ya kuikumbuka hadithi hii kila tunapofungua kifurushi.

Na kuna ile ya Monte Sereno, karibu na San Jose, huko California. Mwishoni mwa mwaka 2012 tajiri mmoja aliuawa nyumbani kwake, na chini ya kucha zake zikakutwa chembe za mwanamume asiye na makazi. Mwanamume huyo alikaa mahabusu kwa miezi, akikabiliwa na kosa linaloweza kumpa hukumu ya kifo, mpaka wakili wake alipogundua kwamba usiku ule mteja wake alikuwa hospitalini, amelewa chakari. Wahudumu wa gari la wagonjwa waliomchukua yeye ndio haohao walioitwa saa chache baadaye kwenye nyumba ya mauaji, na wao ndio waliozibeba chembe zake. Nikisoma kisa hicho huwaza zahanati zetu, ambako mtuhumiwa na mtoto huweza kupelekwa siku moja, wakakalia benchi moja, wakapimwa kwenye kitanda kimoja na mhudumu mmoja. Hapo mwenye hatia anapata pa kujitetea, na asiye na hatia anaweza kufungwa.

Tuseme sampuli imechukuliwa vizuri. Sasa isafiri. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na kutoka Kibondo mpaka Kigoma mjini ni zaidi ya 200 kabla hujaianza safari yenyewe. Sheria haijali kama barabara ilikuwa na tope. Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya jinai namba 110 ya mwaka 2007, ilieleza mnyororo wa utunzaji wa vielelezo, yaani vitu vya ushahidi, kuwa ni kumbukumbu zinazoonyesha kwa mfuatano nani alikamata kielelezo, nani alikitunza, kilihama kwa nani, na kilichunguzwa na nani. Mwongozo wa polisi wenyewe, PGO namba 229, unadai uangalifu huohuo. Katika vitendo, bahasha iliyotoka kwa muuguzi ikapokewa na koplo, ikalala kwenye stoo, ikapewa dereva, ikakabidhiwa mpokeaji Dar es Salaam, inahitaji lakiri isiyovunjika na saini katika kila mkono. Saini moja ikikosekana, wakili wa utetezi atauliza swali moja tu, na atakuwa amefanya kazi yake. Hata ripoti ya Mkemia ikifika salama, ikapokelewa mahakamani kama kielelezo lakini isisomwe kwa sauti mshtakiwa akaisikia, rufani inaweza kuiondoa kwenye kumbukumbu.

Kuna jambo ambalo watu wa mijini hawalifikirii, nalo kwetu ni kubwa. Ni ukoo. Katika kesi za ubakaji, chembe za mwanamke huwa nyingi kiasi cha kuzifunika za mwanamume, hivyo wataalamu mara nyingine hupima kromosomu Y peke yake, sehemu ya vinasaba waliyonayo wanaume tu. Hiyo hurithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana karibu bila mabadiliko. Maana yake, babu, baba, baba mdogo, kaka na wana wao wote huweza kuwa na wasifu mmoja. Sasa chukua kijiji cha Buhigwe ambako boma hili na lile na lile la bondeni wote ni wajukuu wa mzee mmoja. Ripoti ikisema kromosomu Y ya mshtakiwa inalingana, imesema ni mtu wa ukoo huu. Haijasema ni yeye. Mwendesha mashtaka asiyelijua hilo atamfunga mtoto wa kaka badala ya baba yake mdogo, na kijiji kitashukuru sayansi.

Hesabu nayo huteleza kirahisi. Sampuli ikiwa imeharibika, maabara hupata namba chache tu, na uwezekano wa kulingana na mtu mwingine hupanda. Tuseme umefika mtu 1 kati ya 1,000,000. Masikioni hiyo ni kama kusema ni yeye tu. Lakini sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika mkoa wa Kigoma na 61,741,120 nchi nzima. Kwa kiwango hicho, Kigoma peke yake tungetegemea wawili, na nchini watu sitini hivi. Kinachomtenga mshtakiwa na hao wengine ni ushahidi mwingine: alikuwa wapi, nani alimwona, mtoto amesema nini. Na kama mtuhumiwa anaishi nyumba moja na mtoto, hali ambayo ni ya kawaida kuliko tunavyopenda kukiri, chembe za ngozi yake kwenye shuka hazithibitishi lolote, maana shuka la nyumba hushikwa na wote. Shahawa kwenye nguo ya mtoto ni habari nyingine kabisa. Ndiyo maana haitoshi kuuliza vinasaba ni vya nani. Lazima ujue vimetoka kwenye nini, na vilikutwa wapi hasa.

Mahakama zetu, kwa haki kabisa, hazijafanya DNA kuwa sharti. Tangu uamuzi wa mwaka 2006 Mahakama ya Rufani imekuwa ikisisitiza kwamba ushahidi bora wa ubakaji hutoka kwa aliyetendewa, na imesema waziwazi kwamba sheria haidai kipimo cha vinasaba ili kosa hilo lithibitike. Naunga mkono msimamo huo kwa moyo wote. Ungekuwa kinyume chake, mtoto wa Kasulu asingekuwa na mlango wowote wa kugonga. Lakini nimeona kinga hiyo ikigeuzwa kuwa mto wa kulalia. "DNA si lazima" imekuwa sababu ya kutokwenda kuchukua shuka. Mahakama ilisema kesi inaweza kusimama bila kipimo. Haikusema mpelelezi apumzike. Mtoto anaposimama kizimbani peke yake, bila kitu kingine cha kumuunga mkono, mzigo wote wa kuaminiwa tunautwisha kichwa chake, aulizwe na kuulizwa tena mpaka ajichanganye.

Mahali ambapo vinasaba hutusaidia vizuri ni kwenye mimba za wanafunzi. Kwa marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Mtoto akizaliwa ni ushahidi usiooza: nusu ya namba zake ni za mama, nusu iliyobaki lazima iwe ya baba, na unaweza kupima hata baada ya miaka. Sheria ya vinasaba vya binadamu ya mwaka 2009 inaelekeza ombi lipitie kwenye vyombo vinavyotambulika, kama mahakama au ustawi wa jamii. Tatizo ni miezi ya kusubiri. Katika miezi hiyo wazee hukaa, mbuzi hutolewa, familia huyamaliza, na mtuhumiwa huwa amekwisha kuvuka ziwa kwenda Congo. Damu iko, ya kuilinganisha nayo haipo. Kumbe sampuli ya mtuhumiwa inaweza kuchukuliwa mapema, kwa utaratibu wa sheria, ikakaushwa kwenye karatasi na kumsubiri mtoto.

Mkoa huuhuu una Gombe. Watafiti wa pale, kwa miaka mingi sasa, wameokota kinyesi cha sokwe msituni, wakakihifadhi kwa uangalifu, wakakisafirisha ng'ambo, na kwa vinasaba vyake wakajua baba wa sokwe huyu ni nani na wa yule ni nani. Msitu wa Gombe nao una unyevu na joto, na boti ya kutoka pale si rahisi kuliko basi la Kibondo. Wameweza kwa sababu kila anayeokota amefundishwa, ana kichupa sahihi mfukoni, na anaandika saa na mahali kabla hajapiga hatua nyingine. Uwezo huo uko kilomita chache kaskazini mwa mji wetu, kwa hiyo sikubali nikiambiwa kwamba mazingira ya Kigoma hayaruhusu.

Nikipewa fedha za kuchagua, kwa sasa nisingeomba mtambo mpya. Ningeomba kila zahanati na kila Dawati la Jinsia na Watoto la polisi liwe na kasha moja: bahasha za kaki za ukubwa tofauti, vijiti vya pamba vilivyothibitishwa kuwa havina vinasaba, glavu za kubadilisha kila kipande, lakiri, kalamu isiyofutika, na fomu ya makabidhiano. Ningeomba mahali pa kuanikia penye kivuli na kufuli. Ningeomba mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yule anayeingia majumbani kuhesabu vyandarua, afundishwe maneno machache ya kumwambia mama: usimwogeshe kwanza, usifue, nguo weka kwenye karatasi, mje hivyohivyo mlivyo. Yasemwe pia msikitini Ujiji na kwenye jumuiya ndogondogo, kwa sababu kinachomfanya mama aharakishe maji ya moto ni aibu, na aibu haisikilizi tangazo lililobandikwa ukutani kituoni.

Na askari aongezewe swali moja. Mama akisema nimefua, aulizwe: umeanika wapi?

Nilimtembelea mama yule mwaka huu, nikamweleza kuhusu utafiti wa Uingereza. Alinisikiliza bila kunikatiza. Kisha akaniambia jambo ambalo miaka yote hakuwa ameulizwa na mtu. Askari walipofika nyumbani kwake siku ile kuangalia eneo la tukio, walipita uani, na mmoja wao aliinama ili kofia yake isiguse kamba ya nguo. Khanga ilikuwa hapo, bado inachuruzika.